Omulamula Katikati ya Kibanja

Mtu anayekuja kuomba maganda ya ndizi ana lake jambo. Hivyo ndivyo Ma Klaudia alivyoamua siku ile Evelyne alipotokeza uani kwake na ndoo tupu, akapiga magoti kama mkamwana aliyelelewa vizuri, akasalimu, kisha akauliza kama angeweza kupewa maganda. Hakuomba ndizi, aliomba maganda.

"Maganda ya nini?" aliuliza Klaudia.

"Ya hizo ndizi ulizomenya, Ma. Na majivu, kama yapo."

Klaudia aliitazama ndoo, akamtazama aliyeishika. Evelyne alikuwa mke wa Julius. Julius alikuwa mtoto wa Rutaihwa. Na Rutaihwa alikuwa shemeji yake Klaudia, jirani yake wa upande wa machweo, na mtu pekee hapa Izimbya ambaye Klaudia alikuwa na hakika kwamba akienda kanisani anamwombea afe. Sasa mtu wa namna hiyo anapomtuma mkamwana wake aje achukue maganda uliyoyashika kwa mikono yako, pamoja na majivu ya jiko lako, wewe ungewaza nini?

"Sina," alijibu Klaudia, akiwa amekaa kwenye kigoda katikati ya rundo la maganda.

Evelyne aliyaangalia yale maganda, akamwangalia mwenye nayo, akashukuru na kuondoka. Jioni hiyo Klaudia alichimba shimo nyuma ya choo akayafukia maganda yote, na juu yake akakanyaga kwa miguu miwili.

Kabla hujamcheka, sikia alikotoka. Aliolewa Izimbya akitokea Kamachumu, binti mrefu mwenye cheko la kusikika kibanja cha pili. Mume wake, Ildefons, alikuwa mpole, mtu wa kuongea na migomba kuliko na watu, na siku za uhai wake kibanja chao cha migomba na kahawa kilikuwa cha kupigiwa mfano. Walijaliwa mtoto mmoja tu, Annastella. Ildefons alikufa kwa homa ya ghafla, akazikwa humohumo kibanjani kama ilivyo desturi, na wanawake walipokuwa wamemshika mjane asianguke, Rutaihwa alikuwa anatembeatembea mpakani.

Mipaka ya vibanja vya kwetu haiwekwi kwa ukuta wala seng'enge. Inawekwa kwa omulamula, mti ule mwembamba ulionyooka, wenye majani marefu kichwani. Ukikata kipande chake ukakichomeka ardhini kinashika, na kikishashika hakuna mwenye akili timamu atakayekigusa. Anayepanda omulamula anasema: ardhi inaishia hapa. Anayeung'oa bila wazee anatafuta ugomvi utakaorithiwa na wajukuu. Basi waombolezaji walipotawanyika, Klaudia alikuta omulamula mmoja umesogea kuingia upande wake, udongo wa shinani bado mbichi. Alipiga kelele mpaka watu wakarudi kutoka njiani. Wazee wa ukoo waliurudisha mti mahali pake, na palepale, kaburi likiwa halijakauka, wakatoa uamuzi: Klaudia atabaki na kibanja cha marehemu, na baada yake Annastella, ilimradi asikigawe, asikiuze, wala asikiache kiwe pori. Akivunja moja katika hayo, kibanja kitarudi kwa ukoo. Na ukoo, kila mtu alielewa, maana yake ni Rutaihwa.

Annastella, ambaye sasa ameolewa na ana duka lake Miembeni mjini, humkumbusha mama yake kwamba siku hizi kuna sheria inayomlinda mjane. Klaudia husikiliza, kisha humjibu kwamba sheria iko Bukoba mjini na Rutaihwa yuko nyuma ya mgomba.

Tangu siku ile ya mazishi, cheko la Kamachumu halikusikika tena. Kila asubuhi kabla ya sala alitembea mpaka mzima, mti kwa mti. Hakuruhusu panga la mtu kukata kitu kwake, kwa hofu ya mnyauko wa migomba. Hilo lilikuwa la busara. Lakini pia hakunywa pombe ya rubisi ya harusini mpaka mwenye harusi ainywe kwanza mbele ya macho yake. Kwenye jumuiya, wenzake wakifumba macho kusali, yeye alifumba moja. Watu walizoea. Walisema Ma Klaudia ana macho hata kisogoni, na yeye aliposikia alifurahi, maana ndivyo alivyotaka wajue.

Shida ni kwamba macho hayarutubishi migomba. Ng'ombe wake wa mwisho alikufa, samadi ikaisha, na miguu yake haikuwa tena ya kwenda kukata nyasi za kutandaza rweyani, kwenye uwanda wa nyasi nje ya vibanja, na kuzibeba kichwani hadi kibanjani. Migomba ikaanza kukonda. Mikungu ilitoka ya kuonea huruma, na kahawa zikawa na majani ya njano. Rutaihwa alikuwa na tabia ya kupita njiani na mtu mwingine, akasimama, akatikisa kichwa kwa upole kabisa.

"Pole, shemeji," alisema. "Hiki kibanja kimechoka. Naona nyasi zinaanza kukishinda."

Angekuwa peke yake, Klaudia asingejali. Lakini kila mara alikuwa na mtu, na kila mara mtu tofauti. Shemeji alikuwa anakusanya mashahidi. Klaudia alihesabu jambo hilo moyoni na usingizi ukampungua.

Kuhusu maganda, alimpigia simu Annastella.

"Mama, hiyo ni mboji," binti alicheka. "Huyo Evelyne si wa kwenu Kamachumu? Huko akina mama wa parokia wamefundishwa. Wanaozesha taka za jikoni zinakuwa mbolea. Hata redioni wanatangaza. Mpe tu, na umwombe akufundishe."

"Nani amekuambia useme hivyo?"

"Mama!"

Klaudia alikata simu. Usiku ule aliwaza kama kuna uwezekano wameshamfikia hata mtoto.

Lakini neno mbolea lilikuwa limeingia na halikutoka. Siku iliyofuata, jua likiwa limelala upande wa Rutaihwa, alichukua jembe ili aonekane ana kazi, akaenda akachuchumaa nyuma ya kahawa iliyo karibu na mpaka. Kutoka pale aliona vizuri nyuma ya jiko la Rutaihwa, ila mgomba mmoja mnene ulimziba upande.

Alimwona Evelyne akiweka vijiti na mabua chini, akatandaza majani makavu, kisha mabichi, kisha maganda, kisha samadi, akanyunyiza majivu na udongo kidogo wa juu, akaanza upya, tabaka juu ya tabaka, mpaka likawa biwi la kufika kiunoni. Klaudia alitazama midomo yake. Haikunuiza chochote. Hakutema mate wala kuzunguka biwi kinyumenyume. Mwishoni Evelyne alichukua kijiti kirefu, kibichi, kilichonyooka, akakichomeka katikati ya biwi mpaka kikazama nusu, akalifunika biwi kwa majani ya mgomba. Basi. Akanawa mikono akaenda kuchota maji.

"Kijiti," alijisemea Klaudia. "Kazi yote iko kwenye kijiti."

Kwa miezi iliyofuata kahawa ile ilipata rafiki wa kudumu. Klaudia aliona biwi likishuka na kugeuzwa, akaiona mboji yenyewe ikitolewa, nyeusi, ya kumumunyuka vidoleni. Aliona migomba ya Rutaihwa iliyowekewa mboji hiyo ikinenepa shina, majani yakawa ya kijani kibichi kama ya zamani za Ildefons. Hilo lilimuuma. Migomba yake na ile ilitenganishwa na mstari mmoja tu wa omulamula, na huku ilikuwa inakufa, kule inanawiri. Mtu mwingine angevuka mpaka akasema, binti yangu, nionyeshe. Klaudia aliona kwamba kuuliza ni kumpa adui habari ya unapoumwa. Akaamua kuiga.

Alianza siku moja ya mawingu. Mabua, majani makavu, majani mabichi, maganda yake mwenyewe ambayo sasa hakuyafukia tena, kinyesi cha mbuzi, majivu, udongo. Alilijenga biwi katikati kabisa ya kibanja, mbali na njia, mbali na mpaka, mahali ambapo mtu hawezi kulifikia bila yeye kumwona. Hapo napo akajiona ana akili. Likabaki suala la kijiti. Alichokiona kwa Evelyne kilikuwa kirefu, kibichi na kilichonyooka. Mti wa aina gani, mgomba ule mnene ulimzuia asijue. Wiki hiyohiyo alikuwa amepunguza tawi la omulamula lililoinamia kahawa yake, nalo lilikuwa limelala palepale, refu, bichi, limenyooka. Akalichukua, akalichomeka katikati ya biwi, akapangusa mikono.

Hakuna hata mtoto wa Izimbya asiyejua maana ya omulamula uliochomekwa katikati ya kibanja. Klaudia mwenyewe alikuwa ameulinda mti huo kuliko alivyolinda afya yake. Ila siku ile akili yake yote ilikuwa kwa Evelyne, na macho yale ya kisogoni yalikuwa huko huko nyuma, na hakuna jicho hata moja lililobaki la kuangalia mkono wake unafanya nini.

Biwi likakaa. Halikushuka wala kubadilika. Kuku walipanda juu yake wakalifanya kitanda. Klaudia alianza kuhisi kwamba kuna kitu alifichwa.

Siku moja alikuwa anapalilia karibu na mpaka aliposikia sauti ya Evelyne ng'ambo ya pili, sauti ya chini, ya mtu asiyetaka kusikika nyumbani kwake, ikimwita waitu, neno letu la heshima.

"Ma Klaudia. Samahani, waitu. Lile biwi lako lina kiu. Limwagie maji mpaka lilowe, ndipo ulifunike."

Jembe lilimponyoka. Kumbe alionwa! Muda wote aliokuwa anachungulia, alikuwa anachunguliwa. Alisimama pale akalipindua neno hilo kila upande. Binti wa nyumba ya Rutaihwa ana faida gani akimpa ushauri bure? Maji yataozesha kila kitu, litanuka, majirani watalalamika, wataita viongozi. Au ndiyo njia ya kumcheka. Au yote mawili.

"Nimesikia," alijibu kwa ukali, na hakumwagia hata kikombe.

Lakini alitaka kuhakikisha. Asubuhi iliyofuata, badala ya kufika misa, alitoka na rozari mkononi, akazunguka kwa nyuma, akarudi kwenye kahawa yake. Evelyne alitokea na ndoo ya maji, akafunua biwi lake, akalimwagia taratibu pande zote. Basi haikuwa sumu. Mtu hawezi kujiwekea sumu mwenyewe. Klaudia hakungoja kuona zaidi. Aliogopa asije akakutwa amechuchumaa kichakani na rozari wakati wenzake wako kwenye komunyo. Aliondoka mbio mbio, na laiti angebaki kidogo tu, angeona kijiti kinafanyiwa nini.

Alilimwagia biwi maji ndoo kwa ndoo, akalifunika. Baada ya siku chache kuku walikataa kulala juu yake. Halafu asubuhi moja ya baridi alitoka nje akaona moshi unapanda kutoka kwenye biwi.

"Wamelichoma!" alipiga yowe, akakimbilia pipa la maji.

Alipofika karibu hakusikia harufu ya kuungua. Aliingiza mkono chini ya majani, akautoa haraka. Kulikuwa na joto la kama sufuria iliyotoka mafigani sasa hivi. Ulikuwa mvuke tu. Aliingiza mkono tena, na mara hii akauacha mpaka akashindwa kuvumilia. Alikaa chini kando ya biwi, mwanamke wa umri ule, akajikuta anatabasamu peke yake. Kitu alichokitengeneza kwa mikono yake kilikuwa hai. Kama kilikuwa hai, migomba ingekula. Migomba ikila, hakuna wa kusema kibanja ni pori.

Ndipo alipoinua macho akaona kile kijiti. Juu kabisa, kwenye ncha, kilikuwa kimetoa chipukizi la majani mawili ya kijani.

Siku hiyohiyo Rutaihwa alisimama mpakani na Mzee Karugendo, mkubwa wa ukoo. Hakusema pole wala hakutikisa kichwa. Alinyoosha tu mkono kuonyesha katikati ya kibanja, na Mzee Karugendo akatazama, kwa muda mrefu. Jioni ujumbe ulikuja: Jumapili baada ya misa, wazee watafika kwa Klaudia. Shemeji yake amelalamika kwamba anagawa kibanja kwa siri, na omulamula ameshaupanda.

Klaudia alisimama mbele ya biwi lake akiutazama mti kama mtu aliyekutana na nyoka mlangoni. Auchomoe? Wazee wameshauona, akiuchomoa ameng'oa omulamula kabla ya shauri, na hilo peke yake ni kosa. Auache? Mti ule unashika popote, na maji ameshaumwagia kwa mikono yake. Kama una mizizi, amekigawa kibanja, hata kama hakukusudia. Wazee hawapimi nia, wanapima mizizi. Annastella angepoteza kibanja cha baba yake kwa sababu ya kijiti ambacho mama yake hakujua hata kazi yake.

Na kadiri alivyowaza ndivyo alivyozidi kuona picha nzima. Evelyne alijua anachunguliwa. Akachomeka kijiti mbele ya macho yake makusudi, akijua kikongwe ataiga. Kisha akamwambia amwagie maji ili kishike haraka. Kila kitu kilipangwa, maganda, ndoo, magoti, na ile sauti ya upole. Aliuma meno. Miaka yote ya kukaa chonjo, na ameingia mtegoni kwa miguu yake mwenyewe, tena akikimbia.

Jumapili walikuja. Mzee Karugendo na wazee wenzake walikaa kwenye mkeka uliotandikwa chini ya migomba, wakapewa kahawa ya kutafuna, wakaitafuna bila haraka. Rutaihwa alifika amevaa koti, na nyuma yake Evelyne akiwa amembebea kigoda. Mkamwana alimwekea baba mkwe kigoda, akaenda kusimama mbali, macho chini, kama inavyotakiwa.

Rutaihwa alisema vizuri. Sina budi kulikubali hilo. Alimtaja marehemu ndugu yake kwa machozi, akataja neno la wazee siku ya mazishi, kisha akanyoosha kidole. "Sisemi mimi," alisema. "Omulamula wenyewe unasema. Umepandwa katikati, na umechipua. Nusu anaiuza, au nusu anamkatia mkwe wake wa mjini. Nyinyi mtajua."

"Klaudia," alisema Mzee Karugendo. "Huu omulamula ni wa nini?"

Alikuwa ameandaa majibu mengi. Lakini sasa, macho yote yakiwa kwake, aliona hayo yote ni uongo ambao ungeanguka kwa swali la pili.

"Sijui, waitu," alisema.

Wazee waliguna. Rutaihwa alitabasamu kidogo, akafuta machozi.

"Umepanda kitu katikati ya kibanja chako na hujui ni cha nini?"

"Sikukipanda. Nilikichomeka. Nilikuwa natengeneza mbolea, na mbolea hiyo ina kijiti. Nilimwona mtu akifanya."

"Ulimwona nani?"

Kusema jina hilo ilikuwa ni kujikabidhi kwa adui mzima mzima. Lakini hakuwa na pengine pa kwenda.

"Nilimwona Evelyne," alisema Klaudia. "Kwa kuchungulia. Nilikaa nyuma ya kahawa nikachungulia."

Mzee mmoja alikohoa akicheka, akajifanya amepaliwa na kahawa. Ma Klaudia wa macho ya kisogoni, amejificha kichakani kwa ajili ya taka! Klaudia aliona aibu ikimpanda hadi masikioni, lakini hakuinamisha kichwa. Mzee Karugendo alimgeukia mkamwana.

"Binti, ni kweli kuna kijiti?"

Mkamwana hasemi mbele ya baba mkwe, tena kwenye shauri, tena la kumpinga. Rutaihwa hakugeuka kumtazama, hakuona haja. Klaudia aliyafunga macho yote mawili, akangoja kusikia hapana.

"Kipo, waitu," ilisema sauti ya chini. "Ni cha kupimia joto. Mimi natumia tawi la kahawa. Unakichomoa asubuhi na kukishika. Kikiwa na joto, mbolea inaiva. Kikiwa cha baridi, kuna ulipokosea. Yeye alichukua mti asiopaswa kuuchukua, kwa sababu mimi sikumwambia. Nilimwambia maji tu."

"Ulimwambia maji?" Rutaihwa sasa aligeuka. "Wewe? Lini?"

Mzee Karugendo aliinuka, maana mti huo unaguswa na mkubwa wa ukoo peke yake, akasogea kwenye biwi. "Kama umeshika ardhi, tutaona mizizi," alisema. "Kama ni kijiti, tutaona kijiti."

Aliushika kwa mikono miwili akajiandaa kuvuta kwa nguvu. Mti ulitoka kirahisi mno, nusura mzee akae chini. Mvuke ulifuata nyuma yake. Nusu ya juu ilikuwa ya kijani na majani yake mawili. Nusu ya chini ilikuwa nyeusi, imelainika, gome linabanduka lenyewe kama la muhogo uliochemshwa. Mzee aliuachia akapuliza viganja.

"Umeiva huu," alisema. "Haukuota. Umepikwa."

Wazee walisogea mmoja mmoja, wakagusa, wakanusa. Hakukuwa na unywele wa mzizi. Mmoja wao aliingiza mkono kwenye biwi, akautoa na konzi ya kitu cheusi, akaiangalia, kisha akaitazama migomba iliyokonda pembeni. Mzee Karugendo alirudi mkekani akatoa uamuzi kwa maneno machache: hakuna aliyegawa kibanja, na mtu anayekilisha kibanja namna hii haambiwi amekiacha kiwe pori. Klaudia abaki, na Annastella baada yake. Atafute tawi la kahawa.

Rutaihwa aliondoka bila kuaga. Kigoda chake alikiacha. Wazee walimaliza kahawa yao wakaenda, wakicheka njiani, na Klaudia alijua wanachekea nini na hakujali.

Evelyne alibaki akikokota miguu, akaja kuchukua kigoda. Klaudia alisimama mbele yake. Alikuwa ameelewa sasa kwamba kama biwi lingebaki kavu na baridi, mti ungeshika, na leo jioni angekuwa anafunga virago. Ni yale maji yaliyompikia ule mti. Lakini kuelewa si kuamini, na miaka yake yote ilikuwa inamwambia kwamba hakuna kitu cha bure.

"Sasa niambie," alisema. "Umemkasirisha mkweo kwa ajili yangu. Unataka nini kwangu?"

Evelyne aliangalia njia, akahakikisha haina mtu.

"Maganda kwetu yapo tele, Ma," alisema. "Sikuja kwa maganda."

Akamwambia. Julius alikwenda visiwani Muleba kufanya biashara ya samaki, na huko ana mwanamke, na mwanamke ana mtoto. Habari zililetwa na mtu aliyewaona. Yeye, Evelyne, hajapata mtoto, na Julius hapigi tena simu. Baba mkwe bado hajasema kitu, lakini mbele ya watu ameacha kumwita mkamwana, anamwita mgeni. Yule mwanamke akiletwa, yeye atatoka, na kwao Kamachumu kaka zake wameshagawana ardhi.

"Walitaka kukutoa wewe, ukabaki," alisema Evelyne. "Nilitaka kukuona kwa karibu. Nijue mwanamke anakaaje mahali wasipomtaka."

Kwa mazoea Klaudia alitafuta mtego ndani ya maneno yale, akayapekua kama anavyopekua mpaka, mti kwa mti, na hakuona kilichosogea.

"Jambo la kwanza," alisema, "usimwambie mtu yeyote haya uliyoniambia. Mtu yeyote. Neno moja tu likimfikia Rutaihwa, umekwisha."

"Nimeshakuambia wewe, Ma."

Ni kweli, Klaudia alikuwa ameambiwa. Tangu Ildefons azikwe, hakuna mtu aliyewahi kumpa kitu ambacho angeweza kumwangamiza nacho, na huyu amekitoa akiwa amesimama, kigoda mkononi, akijua anayempa ni nani. Machozi yalimjia ghafla na hakuyafuta.

"Weka kigoda chini," alisema. "Kaa. Unadhani mimi nilibaki kwa ujasiri? Kaa nikuambie nilivyokuwa naogopa."